Pistoni Zote Kwenye Kopo Moja

Jumanne, 17 Septemba

Nimekanyaga ringi ya pistoni nikienda kuoga. Imeingia kisiginoni. Nimepiga kelele nusu ya mtaa wetu wa Gungu ikasikia. Mwasiti hakutoka jikoni. Alisema tu, "Pole. Na bado."

Mke wangu ana haki ya kusema hivyo. Nyumba haipitiki. Mbalamwezi imekolea, dagaa hawafuati taa, wavuvi wamepandisha boti zao nchi kavu, mwaloni Kibirizi, na kila mwenye injini mbovu ameniletea mimi. Ndivyo kazi yangu ilivyo. Mwezi ukijaa sina pa kuweka mguu, giza likirudi kila mtu anataka chake jioni ileile.

Injini nne za boti, zote za nguvu farasi kumi na tano, zote nimezifungua. Baraza ndiyo gereji, ikajaa. Vikaingia chumba cha wageni. Sasa vinaelekea sebuleni. Kila injini vipande vyake viko kwenye beseni lake: Mzee Kashindi la kijani, Mama Faida jekundu, wale vijana wawili ya bluu. Mabeseni yote ni ya Mwasiti. Leo amelikuta lake la kukandia unga lina kabureta. Sirudii aliyoyasema.

Halafu akatoa habari. Mama yake anakuja Jumapili kutoka Kidahwe. Siyo kutembea, kuishi. Shemeji wa mwisho amehamia Kasulu, mama amebaki peke yake na magoti mabovu. Atalala chumba cha wageni. Chumba changu cha injini, yaani.

Nimenuna kwanza. Kisha nikakubali. Sikuwa na njia, na mama ni mama.

Lakini boti zinarudi majini Jumamosi ya tarehe 28. Hawa wanne ndio wateja wote nilio nao tangu niache kazi kwa bosi mwaka jana. Injini isipowaka siku hiyo, wanahamia kwa fundi wa Katonga, na mimi narudi kwa bosi nikiwa nimeshika kofia mkononi. Heri nichimbe mitaro.

Jumatano, 18 Septemba

Mwasiti alisahau simu yake, nikampelekea shuleni. Anafundisha darasa la kwanza. Nilikuwa sijawahi kuingia darasani kwake, miaka yote hii.

Makopo ya maziwa yamepangwa dirishani. Penseli kopo lake, chaki kopo lake, rangi kopo lake, vizibo vya soda vya kuhesabia kopo lake. Watoto wamejaa mpaka mlangoni na hakuna anayeuliza kitu kiko wapi. Katoto kamoja kameinuka, kakachukua kifutio, kakarudisha, kakakaa.

Mimi bisibisi naitafuta asubuhi nzima na iko mfukoni.

Nimeona wivu. Nimesimama pale nikionea wivu makopo.

Alhamisi, 19 Septemba

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu!

Nimepigilia mbao ukutani barazani, ngazi kwa ngazi. Nimeomba makopo kwa majirani, kwenye mgahawa, shuleni. Nimeosha kila kipande kwa petroli na brashi, nikafuta kwa kitambaa, vikang'aa kama vimetoka dukani leo. Pistoni zote kopo moja. Ringi zote kopo moja. Plagi, bolti, koili, springi, kila aina na kopo lake. Mwasiti ameandika majina kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi kubwa, hata asiyejua kusoma atajua.

Nimesugua mabeseni kwa sabuni na majivu. Amenusa moja moja. Moja la bluu amenirudishia mara mbili.

Majirani wamekuja kuangalia. Mmoja amepiga picha. Nimesimama kando ya mbao zangu nimekunja mikono kama diwani anayezindua kisima. Mwasiti alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamwona akicheka hivyo siku nyingi.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimetoka msikitini nikapita barazani kwanza, kuangalia tu. Makopo yako palepale. Raha.

Mchana nimepaka chokaa chumba cha mama. Sakafu yake nilikuwa nimeisahau rangi, kumbe ni nyekundu.

Jumapili, 22 Septemba

Mama mkwe amefika. Bajaji imemshusha na kuku wawili, mkungu wa ndizi, na mwavuli ambao hakukubali mtu amshikie. Mkono wake una rangi ya mawese, kwenye kucha na kwenye mistari ya kiganja. Amekamua mawese tangu msichana.

"Mwakeye, baba," akaniamkia kwa Kiha, ameangalia pembeni. Nami nikaangalia pembeni. Nikasema shikamoo mama, nikapokea kuku, nikakimbia.

Namwonea haya. Ndivyo nilivyolelewa, na yeye vilevile. Mkwe unamheshimu kwa kumpisha. Tangu nioe sijakaa naye chumba kimoja kupita salamu. Sasa tunaishi nyumba moja na choo kimoja. Leo nimezunguka nyuma ya nyumba kwenda kunywa maji, kwangu mwenyewe. Nimevaa shati siku nzima na joto hili.

Ila amependa chumba. Mwasiti amesema amepapasa ukuta, akasema ni kweupe. Nimefurahi kupita nilivyotegemea.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimeanza kufunga injini. Nimeanza na ya Mama Faida. Nimevuta mwili wa injini mbele, nikageuka, nikatia mkono kwenye kopo la pistoni.

Mkono ukabaki humo.

Pistoni ya nani?

Nimekaa chini. Mjinga mimi. Mjinga wa kutangazwa.

Jumanne, 24 Septemba

Nijieleze kwa utulivu, labda nitaona njia.

Kabureta hazina ugomvi, ukizisafisha na kuziseti zinakaa popote. Koili vivyo hivyo, plagi vivyo hivyo. Pistoni siyo. Pistoni na silinda yake vimesuguana miaka, vimezoeana. Ukimpa silinda pistoni ya mwenzake, moshi, nguvu hakuna, na siku moja inakwama katikati ya ziwa watu wakiwa ndani.

Miili ya injini naijua, ina majina ya boti. Pistoni hazina jina. Jina lake lilikuwa beseni.

Injini za wale vijana wawili zilishachongwa silinda, pistoni zao ni kubwa na zina namba tofauti juu. Hizo nimezitoa, alhamdulillahi. Zimebaki nne, mbili za Mzee Kashindi na mbili za Mama Faida. Saizi ileile. Nimepima, nimeangalia kwenye jua, nimezipapasa nimefumba macho. Mapacha. Na ningezikuta na uchafu wake ningezitambua mara moja, maana kila mtu anaunguza petroli kwa namna yake. Lakini nimeziosha. Nimezing'arisha. Fundi maridadi.

Kati ya wateja wote wa ziwa hili, wawili hao! Hawaamkiani. Mwaka jana boti ya mmoja iliwasha taa karibu mno na ya mwenzake, ikavuta dagaa wake. Ukimuuliza Kashindi ni Mama Faida, ukimuuliza Mama Faida ni Kashindi.

Jioni nimebahatisha. Nimefunga ya Mama Faida, nimeitumbukiza kwenye pipa la maji, nimevuta kamba. Imewaka! Nimeruka. Halafu ikakohoa, ikatoa moshi, ikafa.

Nimeila ndizi ya mama mkwe bila kuisikia ladha.

Jumatano, 25 Septemba

Mzee Kashindi amepita. Ameuliza imefikia wapi. Nimesema iko tayari, bado kukaza tu. Ameangalia makopo akasema, "Eee, siku hizi umekuwa fundi wa kisasa." Akaondoka ameridhika.

Nimechukia uso wangu.

Fikra ikaja nikiwa nafagia. Nifunge hivyohivyo. Zikiharibika, zitaharibika baada ya giza moja au mawili, na nani atajua? Nitasema petroli mbovu. Mafundi wote husema petroli mbovu. Bosi wangu alikuwa akisema kila wiki.

Nilipanga hata sauti ya kusemea.

Mwasiti amerudi akanikuta nimekaa nimekodolea macho kopo. Ameliangalia kopo, ameniangalia. Akaelewa mwenyewe, sijui vipi. Nilitaka anilaumu ili nami nimlaumu na makopo yake ya darasa la kwanza. Hakunilaumu. Alikaa akashika kichwa, kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Anacheka!

"Fundi, penseli ni za shule. Mabegi je? Kila mtoto si ana begi lake? Ningewachanganyia mabegi wazazi wangeniua."

Kweli. Mimi niliona makopo dirishani. Mabegi ukutani sikuyaona.

Nikamwambia ile fikra ya petroli mbovu. Akaacha kucheka. "Waite wote kesho. Uwaambie wakiwa pamoja." Halafu akaenda kumpelekea mama yake maji ya kuoga. Hakungoja jibu.

Naogopa. Nimeshawapigia simu, lakini naogopa.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimechoka na mbavu zinauma kwa kucheka. Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Wamefika baada ya adhuhuri. Wale vijana wawili, Mama Faida na khanga yake mabegani, Mzee Kashindi na kofia yake ya kazi na ya sikukuu, ni ileile. Mama Faida amekaa mwisho huu wa benchi, Kashindi mwisho ule. Mwasiti alikuwa amesharudi kutoka shule, akasimama mlangoni. Mama mkwe yuko chumbani kwake, dirisha wazi.

Nimesema yote. Nimepanga vibaya, nimechanganya pistoni, nimeosha alama, za vijana nimezipata, zenu nyinyi wawili sijui zipi ni za nani.

Kijana mmoja amesimama palepale. Amesema injini siyo sambusa. Amechukua mwili wa injini na vipande nilivyomtolea makoponi, amepakia kwenye bodaboda akaenda. Katonga, bila shaka. Nimemsaidia kufunga kamba. Roho imeniuma. Bado inauma.

Mzee Kashindi akafoka. Mama Faida akafoka zaidi. Walivyofoka kwa zamu wakajikuta wanajibizana wenyewe kwa wenyewe, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nikapata nafasi ya kufikiri.

Nikachukua pistoni moja nikaigeuza. Ndani, kwenye tumbo lake, na kwenye mifereji ya ringi, kuna masizi. Brashi yangu haikufika. Niliosha pale jicho linapoona, kama mtoto anayeoga uso tu. Nikageuza ya pili. Masizi yake siyo sawa! Nikageuza zote nne. Mbili zina weusi wa mafuta mengi, unateleza. Mbili zina kitu kama gundi, kina wekundu kwa mbali. Uvivu wangu ukaniokoa.

Nikawauliza: mnachanganyaje oili kwenye petroli?

Kila mmoja akasema, kama ulivyotufundisha, fundi. Hata yule kijana aliyebaki, ambaye hakuulizwa.

Nikasema haiwezekani. Mmoja wenu anatia nyingi, mmoja anatia sijui nini. Mimi nimeshavua nguo hapa mbele yenu, na nyinyi semeni.

Mama Faida akawa wa kwanza. Anatia karibu mara mbili. Anaogopa injini isiungue, ndiyo mali pekee aliyoachiwa na marehemu. Amesema kwa sauti ndogo. Basi zile nyeusi zinaweza kuwa zake, lakini weusi peke yake haunitoshi. Mtu anayetia sawasawa naye huacha weusi. Nikamgeukia Kashindi. Akaapa. Oili ya dukani, ya kopo, kipimo kamili, tangu ujana wake.

Nikawasha jiko la mkaa. Nikaweka moja ya zile zenye gundi karibu na moto ilainike niikwangue niione vizuri. Ikaanza kufuka.

Sauti ikatoka dirishani, ya mama mkwe, ana wasiwasi:

"Mwasiti! Mawese yanaungua huko jikoni!"

"Hatujapika mawese, mama."

"Yanaungua. Mimi siyajui mawese?"

Tukanusa sote. Mawese. Mawese kabisa, yale ya kusahau sufuria motoni.

Tukamwangalia Mzee Kashindi. Alivua kofia akaitazama ndani, kama jibu limeandikwa humo.

"Kidogo tu," akasema. "Najazia. Oili ya dukani imekuwa bei mbaya, na mawese yapo nyumbani. Mafuta si mafuta?"

Mama Faida alianguka kutoka kwenye benchi. Simaanishi alicheka sana, nasema alianguka, khanga huku, kandambili kule. Yule kijana alitoka nje akarudi. Mwasiti amejifunika uso kwa mtandio. Mimi nimelia machozi na pistoni ya watu mkononi.

Mama mkwe akatoka chumbani kuona kuna nini. Alipoelezwa alimtazama Mzee Kashindi kwa huzuni ya kweli.

"Mawese ni ya kula, baba. Unayachomea chuma?"

"Nisamehe, mama," akasema Kashindi, ambaye ana umri kama wake.

Hapo akacheka mwenyewe, hana meno ya mbele. Akamnyanyua Mama Faida kwa mkono. Akamwambia, "Usiende kunitangaza mwaloni." Mama Faida akajibu, "Nikutangaze mara ngapi? Nitaanza leo." Wameondoka pamoja wanabishana kuhusu ile taa, lakini kwa namna nyingine.

Hakuna aliyechukua injini yake. Nimehesabu miili mitatu barazani, nikahesabu tena.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimefunga zote. Za mawese kwa mawese, za oili kwa oili. Pipa la maji barazani, wenye injini kando yake, majirani mlangoni.

Ya Mama Faida: mvuto mmoja. Inaimba.

Ya kijana: mvuto mmoja.

Ya Mzee Kashindi: imegoma, imegoma, imegoma. Mvuto wa nne ikanguruma na maji ya pipa yakamrukia mzee mwenyewe kifuani. Amenikumbatia hivyohivyo, amelowa maji na petroli. Ameapa ataacha mawese. Simwamini.

Nimeshusha makopo. Ya shule yamerudi shule. Sasa nina misumari ukutani, na kila injini itakayofunguliwa ina gunia lake la sandarusi, na jina la boti juu yake, na hakuna kuchanganya hata nati. Spana na bisibisi ndizo nimeziachia makopo, hizo ni zangu, zichanganyike zitakavyo. Mwasiti amekagua. Ameuliza mabeseni yake yako wapi. Jikoni, nikasema, yote. Amekwenda kuhakikisha.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimeshuka Kibirizi alasiri. Nimebeba mfuko wa spana, kwa usalama. Mwalo wote unamwita Mzee Kashindi "Mawese." Anaitika.

Boti zimetoka kabla jua halijazama. Ya Mama Faida mbele, ya Kashindi nyuma yake, ikaifikia, zikaenda sambamba. Ya kijana ikafuata. Yule aliyehamia Katonga sijamwona. Nilisimama na mfuko wangu mpaka zikawa nukta tatu, sikuitwa na mtu. Milio yote mitatu naijua. Hakuna uliokohoa.

Nilikuwa nimebana meno bila kujua. Taya linauma.

Jumapili, 29 Septemba

Mama Faida amepiga simu asubuhi. Salama. Dagaa wapo. Kwa Kashindi pia salama.

Baraza tupu. Misumari ukutani haina kitu. Nimefagia, ingawa hapakuwa na cha kufagia. Mwasiti kaenda sokoni. Nikakaa kwenye benchi.

Mama mkwe akatoka na ungo wa maharage, akakaa mwisho mwingine wa benchi. Nikaanza kuinuka nimpishe.

"Kaa, baba," akasema. "Leo huna kazi?"

"Sina, mama. Zote zinafanya kazi."

"Ego," akasema, ndiyo ya Kiha. Akausogeza ungo katikati.

Tumechambua maharage, yeye upande wake, mimi upande wangu. Mwasiti aliporudi alisimama mlangoni na kapu lake, akatuangalia, kisha akaenda kubandika maji.

Maharage yamekuwa matamu.